UZI: Baada ya jengo la Rana Plaza kuanguka 2013, kuta za viwanda Bangladesh zimeimarishwa. Kwa nini mshahara wa mshonaji bado ni ule ule wa kubangaiza?

Habari za wakati huu wakuu.

Kila mjadala wa viwanda ukifunguliwa humu, hoja ya "tuige Bangladesh" haichelewi kuja. Nimefanya kazi ya kupanga uzalishaji kwenye kiwanda cha nguo za kuuza nje hapa Dar. Bangladesh nimeifuatilia kwa muda mrefu kwa sababu moja tu: kila tulipokaa mezani na mnunuzi, bei yetu ilipimwa kwa bei ya Dhaka, mji mkuu wao. Naomba leo tuijadili nchi hiyo jinsi ilivyo, kabla mtu hajasema tuige au tusiige. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

WALIKOANZIA

Mwaka 1978 Bangladesh ilikuwa na miaka saba tu ya uhuru, imetoka kwenye vita na kwenye njaa kubwa ya 1974. Mfanyabiashara mmoja, Noorul Quader, kupitia kampuni yake ya Desh, akakubaliana na Daewoo ya Korea Kusini na kupeleka watu wapatao 130 huko kujifunza kushona kwa laini. Wakorea hawakuja kwa huruma. Biashara ya nguo duniani wakati huo ilibanwa na mkataba wa mgawo ulioanza 1974, kila nchi ikiwa na kiwango chake cha kuuza Ulaya na Marekani. Korea mgawo wake ulikuwa umejaa, Bangladesh wa kwake ulikuwa haujaguswa.

Wengi wa wale waliofunzwa hawakukaa sana Desh. Walitoka wakaanzisha viwanda vyao au wakaenda kuendesha vya wengine, na ujuzi ukasambaa. Serikali nayo ikafanya mambo mawili ambayo wapenda kuiga huwa hawayataji. Iliruhusu kitambaa cha kushonea nguo za nje kiingie bila ushuru na kihifadhiwe kwenye maghala ya forodha. Ikaruhusu pia mwenye kiwanda atumie oda ya mnunuzi kama dhamana benki ili anunue kitambaa. Mtu asiye na mtaji mkubwa akaweza kuwa na kiwanda.

Mgawo ulipofutwa 1 Januari 2005, wengi walitabiri China ingewameza. Haikuwa hivyo. Nguo leo ni zaidi ya asilimia 80 ya mauzo yote ya nje ya Bangladesh, na viwanda vimeajiri watu kama milioni 4, wengi wao wanawake waliotoka vijijini.

Sasa tazameni viwanda hivyo vilijengwa wapi. Oda ziliongezeka kwa kasi kuliko majengo. Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya maduka na ofisi zikapandishwa mashine, na jenereta za tani kadhaa juu yake kwa sababu umeme haukuaminika. Aprili 2005 kiwanda cha Spectrum pale Savar kilianguka usiku, wakafa watu 64. Dunia ikasikitika wiki moja, oda zikaendelea.

NOVEMBA 2012 NA APRILI 2013

24 Novemba 2012 kiwanda cha Tazreen, eneo la Ashulia, kiliungua. Moto ulianzia chini, kwenye marobota ya vitambaa na nyuzi. King'ora kililia, wasimamizi wakawaambia watu wakae wafanye kazi. Moshi ulipopanda, ngazi zote zilikuwa zinashukia kule kule kwenye moto, na madirisha yana nondo. Walikufa watu wasiopungua 112.

Miezi mitano baadaye ikaja Rana Plaza. Jengo la ghorofa nane, Savar, viwanda vitano vya nguo ndani, chini maduka na tawi la benki. Tarehe 23 Aprili 2013 nguzo zilipasuka, nyufa zikaonekana kwa macho, watu wakatolewa nje. Benki iliwaambia wafanyakazi wake wasirudi, nao hawakurudi. Washonaji waliitwa kesho yake asubuhi, na waliositasita walitishiwa mshahara wa mwezi. Umeme ulikatika, jenereta zikawashwa, jengo likashuka lote. Walikufa watu 1,134 na kujeruhiwa kama 2,500.

Mimi jambo hili limenikaa rohoni kuliko yote: nyufa zile waliziona wote, mhasibu wa benki na mshonaji. Tofauti ni kwamba mhasibu angeweza kukosa siku moja ya kazi na bado akala. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Mshahara wa chini wakati ule ulikuwa taka 3,000 (taka ndiyo fedha yao), chini ya dola 40, na kodi ya chumba haingoji. Ndiyo maana sikubali mtu akitenganisha usalama na mshahara. Aliyelipwa vibaya hana uwezo wa kukataa kuingia kwenye jengo linalopasuka.

KILICHOFANYIKA KWENYE MAJENGO

Mei 2013 ulisainiwa Mkataba wa usalama wa moto na majengo, ule unaojulikana kama Accord. Upande mmoja walikuwa IndustriALL na UNI, mashirikisho ya kimataifa ya vyama vya wafanyakazi. Upande wa pili kampuni zinazonunua nguo, ambazo baadaye zilipita 200, nyingi za Ulaya. Viwanda kama 1,600 viliingia kwenye ukaguzi. Kampuni kubwa za Marekani, zikiwamo Walmart na Gap, hazikutaka mkataba ule, zikaunda mpango wao.

Kabla ya hapo ukaguzi ulikuwepo, tena mwingi. Baadhi ya viwanda vya Rana Plaza vilikuwa vimekaguliwa na kupita. Karachi, Pakistani, kiwanda cha Ali Enterprises kiliungua Septemba 2012 wakafa zaidi ya watu 250, na kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha hali nzuri ya kazi wiki chache tu nyuma. Mkaguzi alikuwa analipwa na anayekaguliwa au na mnunuzi, ripoti inakuwa siri, na hakuna aliyebanwa kurekebisha chochote.

Accord iligeuza mambo matatu. Wakaguzi walikuwa wahandisi, na ripoti zao zikawekwa hadharani kiwanda kwa kiwanda. Kiwanda kikikataa kurekebisha, wanunuzi wote waliosaini wanalazimika kukihama kwa pamoja, siyo mmoja anaondoka na mwingine anaingia. Na la tatu, ambalo kwangu ndilo moyo wa yote, mnunuzi akikiuka anaweza kushtakiwa mbele ya wasuluhishi. Na walishtakiwa kweli. Vyama vilipeleka mashauri mawili The Hague, na moja liliisha Januari 2018 kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 2.3, milioni 2 kati ya hizo za kurekebishia viwanda.

Matokeo: zaidi ya kasoro 100,000 zilitambuliwa na sehemu kubwa sana zikarekebishwa. Milango ya kufungwa kwa kufuli iliondolewa, ngazi za dharura zikajengwa, nguzo zikaongezewa zege. Tangu 2020 kazi hiyo inafanywa na baraza la ndani ya nchi liitwalo RSC. Bado kuna viwanda vidogo vya vibarua vilivyo nje ya utaratibu wote huo, na huko watu bado wanaungua. Lakini kwenye viwanda vikubwa vya kuuza nje, mabadiliko ni ya kweli.

SASA MSHAHARA

Kima cha chini cha mshahara cha sekta kilikuwa taka 930 mwaka 1994. Kikakaa miaka 12 bila kuguswa, hadi 1,662.50 mwaka 2006. Kikawa 3,000 mwaka 2010, 5,300 mwaka 2013, 8,000 mwaka 2018, na 12,500 kuanzia 1 Desemba 2023. Ukiisoma harakaharaka unaona kinapanda. Isome na bei za sokoni. Taka 8,000 ilipotangazwa ilikuwa kama dola 95. Miaka mitano baadaye, kabla haijaongezwa, taka ilikuwa imeshuka na pesa ile ile ilikuwa na thamani ya dola 72 hivi, huku mchele na mafuta vimepaa. Ile 12,500 ilikuwa kama dola 113 siku ilipotangazwa.

Mwaka 2023 vyama vingi vilidai taka 23,000. Kwenye bodi ya mishahara mwakilishi wa wafanyakazi alipendekeza 20,393, wenye viwanda 10,400. Watu waliingia barabarani Gazipur, Ashulia na Mirpur, na wasiopungua wanne walikufa kabla mambo hayajatulia. Hiyo ndiyo kawaida ya pale: Desemba 2016 baada ya mgomo wa Ashulia walifukuzwa kazi zaidi ya watu 1,500. Aprili 2012 Aminul Islam, mratibu wa vyama, alikutwa ameuawa na mwili wake una alama za mateso.

Kuna kitu kwenye hesabu ya mshahara ambacho asiyekaa ofisini hawezi kukiona. Hiyo 12,500 iligawanywa: mshahara wa msingi 6,700, kodi ya nyumba 3,350, matibabu 750, usafiri 450, chakula 1,250. Sheria ya kazi ya 2006 inasema ovataimu italipwa mara mbili. Vizuri sana, ila mara mbili ya msingi. Gawanya 6,700 kwa saa 208 za mwezi, unapata taka 32.2, zidisha mara mbili ni 64.4. Sasa gawanya mshahara mzima, 12,500 kwa 208: ni 60.1. Maana yake saa ya tisa na ya kumi, mgongo unauma, mtoto yuko peke yake nyumbani, inalipwa karibu sawa na saa ya kwanza asubuhi. Na bila ovataimu mwezi hauishi, kwa hiyo kila mtu anaililia.

Nani analipa gharama ya kumwongezea? Tupige hesabu ya kazini kwangu. Laini ya fulana ya watu 30, yenye ufanisi wa kawaida, inaweza kutoa pisi 1,500 kwa saa nane. Kwa mshahara wa 12,500 na siku 26, laini nzima inagharimu taka kama 14,400 kwa siku. Kila fulana imebeba taka 9.6, chini ya senti 9 za dola kwa thamani ya siku ile. Wape ile 23,000 waliyodai: fulana inabeba taka 17.7, senti 16. Tofauti haifiki senti 8 kwa nguo itakayouzwa dukani Ulaya kwa dola 5, 10 au 20.

Senti 8 hizo hazipatikani kwa sababu mwenye kiwanda hana uhakika nazo. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Aberdeen pamoja na shirika la Transform Trade walitoa matokeo ya kuvihoji viwanda 1,000 vya Bangladesh kuhusu kipindi cha korona. Viwanda vingi vilisema vinalipwa bei ile ile ya kabla ya korona wakati gharama zimepanda, na karibu kimoja kati ya vitano kilikuwa kinahangaika hata kulipa kima cha chini. Machi 2020 ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: oda za takriban dola bilioni 3 zilifutwa au kusimamishwa, nyingine nguo zimeshashonwa na zimo kwenye makasha. Zaidi ya wafanyakazi milioni moja walirudishwa nyumbani au kuachishwa, wengi bila kiinua mgongo.

Hoja yangu ni hii. Majengo yalirekebishwa kwa sababu mnunuzi alibanwa kwa mkataba unaoweza kumfikisha kwa wasuluhishi. Kwenye mshahara hakuna kitu kama hicho. Kuna ahadi. Novemba 2013 H&M, kampuni ya nguo ya Uswidi, ilitangaza kwamba ifikapo 2018 wafanyakazi 850,000 wa viwanda vyake vikuu watakuwa wameingizwa kwenye mfumo wa mshahara wa kuishi. 2018 ilifika, kima cha chini Bangladesh kikawa taka 8,000, na hakuna aliyeweza kwenda popote kudai ahadi ile. Anayepanga bei yuko mbali na haulizwi, anayeulizwa ni mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda anamgeukia mshonaji.

Nawasilisha. Karibuni wadau.

_____

#2

Mkuu, heshima kwako, uzi umeshiba. Lakini niruhusu nipinge kidogo.

Unaongea kama vile yule dada wa Gazipur alikuwa na kazi bora akanyang'anywa. Kabla ya kiwanda alikuwa nini? Alikuwa anaozwa na miaka 14, analima shamba la mkwe bila senti. Kuna utafiti wa Rachel Heath na Mushfiq Mobarak, ulichapishwa 2015, ulilinganisha vijiji vilivyo karibu na viwanda vya nguo na vilivyo mbali. Walikuta wasichana wa karibu na viwanda wanachelewa kuolewa, wanachelewa kuzaa na wanakaa zaidi shuleni, kwa sababu mzazi anajua anayejua kusoma na kuhesabu atapata kazi nzuri kiwandani. Hayo ni maisha ya mamilioni ya wanawake.

Mimi nina wadogo zangu wawili hapa Mbagala wamemaliza kidato cha nne, wanakaa. Ukiwaletea kiwanda cha dola 113 kesho asubuhi watapanga foleni. Tukianza kuweka masharti kabla kiwanda hakijaja, kitaenda kwingine. Wawekezaji hawana undugu na sisi.

#3 (mwenye uzi)

Mkuu, utafiti huo naujua na sipingani nao hata kidogo. Kiwanda kimemtoa yule binti kwenye kuozwa, ndiyo, na mimi ningependa wadogo zako wapate kazi kesho. Lakini angalia kilichomtoa ni nini: ni pesa iliyo mkononi mwake. Ikiwa dola 113 zimefanya hayo, dola 200 zingefanya zaidi. Hakuna mahali utafiti ule unaposema faida ilitokana na mshahara kuwa mdogo.

Na kuhusu kwenda kwingine: wakati wa Accord watu walisema hivyo hivyo, kwamba masharti yatafukuza wanunuzi. Hawakuondoka. Mauzo ya nje yaliendelea kukua, na wenye viwanda wenyewe sasa wanajinadi kwa usalama wa majengo yao. Masharti yanafukuza pale yanapombana mmoja. Yakiwabana wanunuzi wote kwa pamoja, hakuna wa kumkimbilia.

#4

Kaka mwenye uzi, mimi ni Mkenya, nimeshona EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, Athi River miaka kadhaa. Kiwanda sikitaji. Nimesoma hii habari yako mpaka mwisho, hiyo sehemu ya ovataimu nikairudia.

Wacha niwaambie vile inakuwa ukiwa kwa mashine. Asubuhi supavaiza anaandika targeti ya saa kwa ubao, juu ya kila laini. Mimi nilikuwa naunga mikono kwa shati. Ukikosa targeti saa ya kwanza, inabebwa inaongezwa kwa saa ya pili, na hiyo ukikosa inaongezwa tena, hadi ikifika saa kumi unadaiwa nguo ambazo hata wewe hujui zilitoka wapi. Kwenda choo unaomba kadi, na kadi ni moja kwa laini nzima. Kuna mama mmoja tulikuwa naye, mjamzito, alikuwa hanywi maji kutoka asubuhi ndio asiombe kadi.

Lakini targeti unazoea. Kile kilituumiza ni mkataba. Unaandikwa miezi mitatu, inaisha, unaambiwa kaa nyumbani wiki moja uje uandikwe upya. Hivyo mwaka mpaka mwaka. Huna likizo, huna kiinua mgongo, na ukiongea kwa mkutano wa chama, mkataba ukiisha hauitwi. Hakuna mtu amekufuta, ni vile tu hukuitwa. Mwaka wa 2003, baada ya serikali mpya kuingia, watu wa EPZ waligoma sana, dada yangu mkubwa alikuwa huko. Alikuwa anatuambia walidai hayo hayo: kuandikwa rasmi, chama, na ovataimu.

Swali langu: hiyo AGOA, ile sheria ya kuuza Marekani bila ushuru, ikitikisika vile tumeona, oda zikipungua, ni nani anakatwa kwanza? Kwetu walikata wale wa mkataba mfupi. Sasa ukiniambia mnunuzi abanwe, nakubali, lakini mimi nilikuwa sijawahi hata kujua mnunuzi ni nani, tulikuwa tunaona tu lebo.

#5

Dada wa Athi River, pole sana, na asante kwa kutuandikia.

Niongezee mfano wa karibu yetu, kwa ajili ya mchangiaji wa #2. Ethiopia waliamua kuwa "Bangladesh ya Afrika" na wakafanya kila kitu ambacho mwekezaji angependa. Walijenga eneo la viwanda la Hawassa, likafunguliwa 2016, umeme upo, barabara ipo, na kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi hakikuwepo kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walitoa ripoti: mshahara wa kuanzia Hawassa ulikuwa dola 26 kwa mwezi, wa chini kuliko nchi yoyote inayoshona nguo za nje. Wasichana wakawa wanaacha kazi kwa wingi kiasi kwamba viwanda vinafunza watu wapya kila siku, wengi wakishindwa hata kulipa chumba na kula. Ufanisi ukawa mdogo, bei rahisi ikageuka ghali.

Halafu vita vya Tigray vikaja. PVH, kampuni ya nguo ya Marekani iliyokuwa mwekezaji mkubwa wa mwanzo pale, ikatangaza kuondoka Novemba 2021, na Januari 2022 Marekani ikaiondoa Ethiopia kwenye AGOA. Kwa hiyo mshahara mdogo haukuwavuta vya kutosha na haukuwazuia kuondoka.

#6

Wanangu, salaam. Mimi ni mtu mzima, nilifanya kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo, idara ya kufuma, enzi chama cha wafanyakazi kikiitwa NUTA mpaka kikawa JUWATA. Nawasoma tu siku zote, leo nimeona niseme.

Sitaki niwadanganye kwamba zamani kila kitu kilikuwa asali. Vipuri vilikosekana, mishahara ilikuwa midogo, chama kilikuwa kimoja na kilikuwa cha serikali. Lakini kitenge na khanga tulizotengeneza zilivaliwa hapa hapa. Bei ikipangwa, ilipangwa mjini humu, na ukiwa na manung'uniko unajua ni mlango upi wa kugonga, hata kama hufunguliwi. Huyu binti wa Kenya anasema alikuwa anaona lebo tu. Hilo limenigusa sana. Mtu unamtumikia miaka yote na humjui.

Ninachouliza ni kimoja. Huo mkataba wa Bangladesh mliousema, walioulazimisha ni nani hasa? Maana wanunuzi hawakuamka asubuhi wakasaini.

#7 (mwenye uzi)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo nilipaswa kulijibu mwanzo.

Hawakuamka wakasaini, ni kweli. Rasimu ya mkataba wa namna ile ilikuwepo kabla ya Rana Plaza, vyama vya Bangladesh na mashirika ya nje yaliiandika baada ya mioto ya 2010 na kuipeleka kwa kampuni. Zilizosaini zilikuwa mbili tu, PVH na Tchibo ya Ujerumani, na hazikutosha kuuanzisha. Baada ya 24 Aprili 2013 lebo zilipatikana kwenye kifusi. Watu waliingia kwenye vifusi na kupiga picha lebo na karatasi za oda, kwa sababu kampuni kadhaa zilikuwa zinakana kushona pale. Wateja wa madukani Ulaya wakaona lebo zilizomo kwenye kabati zao ziko kwenye picha za maiti. Vyama vikaweka tarehe ya mwisho katikati ya Mei, na kampuni zikaanza kusaini moja baada ya nyingine. Hata fidia ya wahanga, dola milioni 30, ilichukua hadi Juni 2015 kutimia, baada ya kusukumwa kila hatua.

Kwa hiyo walioulazimisha ni wafanyakazi wenye vyama, wakisaidiwa na wateja wa kawaida waliokasirika, na kilichowapa nguvu ni kujua jina la mnunuzi. Tangu hapo kampuni nyingi zimeanza kutangaza orodha za viwanda vinavyowashonea.

Dada wa #4, ndiyo maana lebo ile uliyokuwa unaiona ni kitu kikubwa kuliko unavyodhani. Wenzako waliobaki kwenye mashine waandike lebo, namba ya mtindo na tarehe. Wakitafuta jina hilo kwenye orodha za wauzaji wakubwa, wataona kama kiwanda chao kimetajwa, na chama kinaweza kupeleka malalamiko kwa mnunuzi moja kwa moja. Kuhusu mikataba ya miezi mitatu mitatu, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, inahusu kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa mwezi au zaidi, au kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kuisha ndani ya miezi mitatu: mahakama inaweza kumhesabu kama mwajiriwa wa kawaida mwenye haki zake. Chama cha washonaji na wafanyakazi wa nguo cha Kenya kipo, wakipelekee karatasi zote za mikataba walizonazo, za zamani pia, kwa sababu ni mfululizo wake ndio ushahidi.

Kwa hapa kwetu, mkuu wa #2, wadogo zako wakipata kiwanda, waangalie mambo mawili siku ya kusaini. Mshahara wa msingi umeandikwa kiasi gani peke yake, bila posho, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka ovataimu ilipwe mara moja na nusu ya msingi, na msingi ukiwa kiduchu hiyo nusu haina maana. Na waulize kama kuna mkataba wa hali bora kati ya chama na kiwanda. Ukiwepo, waombe nakala wausome. Usipokuwepo, TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani, wana ofisi mikoani, na mgogoro ukitokea unaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila kwa kuachishwa kazi una siku 30 tu za kufungua shauri. Watu wengi wanapoteza haki zao kwa kuchelewa hapo.